Pasaka ya Mwezi wa Pili

Masomo ya juma: Hesabu 9:1–14, Wafilipi 2:25–30

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Waisraeli watoke Misri. Mwezi wa kwanza, siku ya kumi na nne, jioni, kambi nzima katika jangwa la Sinai ilikuwa ikiadhimisha Pasaka, mwaka mmoja kamili tangu ule usiku wa kutoka utumwani. Lakini wapo watu waliobaki nje. Walikuwa wamegusa maiti. Yamkini walitoka kumzika ndugu yao, na mtu hachagui siku ya kufiwa. Kwa sheria walikuwa najisi, na mtu najisi hakuruhusiwa kuila Pasaka. Tarehe ilifika, wenzao wakaketi na familia zao, wao wakabaki wamesimama.

Wapendwa, nawaombeni muisome habari hiyo taratibu, hasa ninyi mlio vyuoni. Wiki hizi za Julai ni wiki za mitihani, na najua wapo kati yenu watakaoamka siku ya mtihani mwili umekataa. Mwingine atakuwa na homa, mwingine tumbo limemkaba usiku kucha, mwingine amelazwa na dripu mkononi wakati wenzake wanapanga foleni mlangoni na vitambulisho vyao. Nataka mtu huyo aijue sura hii ya tisa kabla siku hiyo haijafika.

Watu wale walifanya jambo ambalo Biblia inalieleza kwa maneno machache mno: waliwaendea Musa na Haruni siku hiyo hiyo. Hawakujifungia hemani mpaka sherehe ipite. Hawakujipenyeza kula wakiwa na unajisi wao, wakitumaini hakuna atakayejua. Walikwenda, wakaeleza hali yao waziwazi, wakauliza kwa nini wazuiwe kumtolea Bwana sadaka pamoja na ndugu zao. Swali lao lina heshima na lina uchungu ndani yake. Hawakusema Pasaka haina maana. Walikuja kwa sababu walikuwa na hamu nayo.

Na Musa hakuwa na jibu. Yeye aliyepokea torati mlimani hakuwa na kifungu cha kuwasomea. Angeweza kusema tarehe ni tarehe, mwakani mtajipanga vizuri. Aliwaambia wangoje, akaenda kusikiliza Bwana atasema nini juu yao.

Jibu lililorudi limenishika moyo kwa miaka mingi. Mtu aliyetiwa unajisi na maiti, au aliye katika safari ya mbali, ataila Pasaka mwezi wa pili, siku ya kumi na nne, jioni. Hebu tazameni: waliouliza hawakutaja safari. Walileta shida yao moja tu; Bwana akaongeza ya wasafiri, akaongeza na ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Tena Pasaka hiyo ya mwezi wa pili ina mikate ileile isiyotiwa chachu, mboga zilezile chungu, mfupa hauvunjwi, nyama hailazwi mpaka asubuhi. Hawakuwekewa Pasaka ndogo ya waliochelewa. Ni Pasaka kamili. Kilichobadilika ni tarehe.

Sasa twende chuoni.

Vyuo vyetu vingi hapa Tanzania vina utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa mwanafunzi anayezuiwa na ugonjwa. Akiomba kwa wakati na daktari akathibitisha, ataufanya baadaye, mara nyingi mwezi Agosti au Septemba, kipindi kilekile wanachorudi wenye sapu. Kwa kuwa wanakaa ukumbi mmoja, siku moja, wengi wenu mnadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Mwenye sapu alishafanya mtihani akaanguka, na hata akifaulu mara hii, kwa kawaida alama yake haivuki C. Aliyeahirishiwa kwa ugonjwa anafanya mtihani maalumu, nao unahesabiwa kuwa ndio wake wa kwanza: akipata A, anaandikiwa A. Alama alizokusanya kwenye majaribio na kazi za muhula zinamngoja palepale. Kila nikikutana na kijana wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kuambiwa jambo hili ninasikitika, kwa sababu ni mtu wa namna hiyo anayejikokota mpaka ukumbini akitetemeka, anaandika jina lake na nusu ukurasa, anakusanya karatasi, kisha ndipo anatafuta daktari. Ukishaketi, ukasaini na kukusanya, umekwisha kuufanya mtihani huo. Barua inayokuja baada ya hapo ni ngumu sana kusikilizwa.

Lipo kundi jingine linaloniumiza zaidi. Ni yule aliyeugua kweli, akalala chumbani amejifunika shuka, simu ameizima, siku ikapita. Kwenye orodha ya msimamizi jina lake halina saini. Kanuni za vyuo vingi ni kali kwa mtu asiyetokea bila sababu inayojulikana. Huyo huondolewa masomoni, kwa lugha yenu anadisko. Homa yake na homa ya aliyeahirishiwa ilikuwa moja, pengine yake ilikuwa kali kuliko. Ila hakuna aliyekwenda kwa Musa siku hiyo hiyo kwa niaba yake.

Kwa nini mtu anyamaze? Niliwahi kumtembelea wodini binti wa mwaka wa pili mwenye selimundu. Alizaliwa Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huo umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi. Wataalamu wametueleza sababu: mtu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo mahali penye malaria nyingi kinasaba kiliendelea kuishi kizazi hata kizazi, lakini mtoto akikirithi kwa baba na kwa mama, ndipo anapata ugonjwa wenyewe. Hukadiriwa kuwa watoto 11,000 hivi huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Zamani wengi wao hawakufika hata darasa la kwanza. Leo, kwa kliniki na dawa, wanafika chuo kikuu, nasi tumshukuru Mungu na madaktari kwa hilo. Ila chuo hakijawazoea.

Binti huyu alipangiwa chuo Nyanda za Juu Kusini. Mnaoishi huku mnaijua Julai yetu, baridi inayoingia hadi kwenye mifupa, upepo, maji ya bombani kama yametoka kwenye jokofu. Baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Mengine ni kupungukiwa maji mwilini, uchovu na maambukizi. Jumlisheni sasa: mtu anakesha akipiga msuli mpaka alfajiri, hanywi maji kwa sababu choo kiko mbali na nje kuna baridi, anakunywa chai ya rangi na andazi moja kwa sababu bumu, yaani fedha za kujikimu, limeisha. Seli nyekundu zinajikunja, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanashika miguu na mgongo kwa namna ambayo mtu asiye nayo hawezi kuikadiria. Alifanya mitihani ya mwanzo akiwa ameuma leso. Mtihani uliofuata hakuweza hata kushuka kitandani.

Nilipofika, jambo la kwanza aliloniambia halikuhusu maumivu. Alisema, “Baba Mchungaji, naomba darasani wasijue.” Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kwamba tangu shule ya msingi yeye alikuwa mtoto wa kuonewa huruma, asiyetumwa maji, asiyecheza rede, anayesemwa kwa sauti ya chini wageni wakija. Chuo kilikuwa mahali pa kwanza maishani mwake ambapo alikuwa mwanafunzi tu kama wengine. Hakumwambia hata yule aliyelala naye chumba kimoja. Kwenye fomu ya afya wakati wa usajili, sehemu ya magonjwa ya kudumu aliacha wazi.

Mwanangu unayesoma haya nawe umeacha wazi sehemu hiyo, iwe kwa selimundu, pumu, kifafa, kisukari au kitu kingine, sikulaumu. Ninaielewa hamu ya kuwa kama wengine. Lakini nakusihi rudi kwenye kituo cha afya cha chuo kabla hujazidiwa, ukamwone mganga mfawidhi, faili lako liwe na habari zako. Daktari wa chuo ndiye ambaye cheti chake kitasomwa, na hata ukitibiwa hospitali ya nje, mara nyingi karatasi ya kule itatakiwa ipite kwake. Akikujua tangu Novemba, Julai hatakuwa na maswali mengi.

Yule binti aliokolewa na wenzake. Mmoja alimbeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Mwingine alimpigia CR, yaani kiongozi wa darasa, na CR hakuishia kuandika “pole” kwenye kundi la darasa. Alikwenda mwenyewe ofisi ya mshauri wa wanafunzi, akauliza fomu, akaipeleka hospitali ikajazwa, akairudisha kwa mkuu wa idara kabla mtihani haujaanza. Sitawataja, wao wenyewe hawapendi. Lakini ninyi mnaoishi watatu na wanne kwenye chumba kimoja, pamoja na yule mliyemkaribisha kulala bila wadeni kujua, ninyi ndio mnaoona kwanza kwamba mwenzenu hajaamka. Ukimwekea uji pembeni na kukimbilia mtihani wako umefanya vema, lakini piga simu moja kabla hujaingia ukumbini, kwa sababu ndani simu itazimwa, na hayo masaa matatu ndiyo yatakayoamua mwaka wake.

Kwa wengi wenu ugonjwa hautakuwa mzito kiasi hicho. Itakuwa malaria. Nayo tumeizoea mno, ndiyo maana nataka kusema juu yake kidogo, ingawa hapa ni mahali pa Neno. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge vinne kwa dozi, dozi sita kwa siku tatu, ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, na inataka chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Nimeona vijana wanameza siku ya kwanza, homa inashuka, pakiti inabaki mezani chini ya madesa. Siku za mitihani ndizo watu wanazokatiza dozi kuliko wakati wowote, kwa sababu wamepata nafuu na hawana muda. Wengine hawapimi kabisa. Wananunua dawa duka la jirani kwa kukisia, kumbe ni kitu kingine. Mtu anayetapika kila anachomeza, anayeongea asiyoyajua au asiyeweza kukaa, huyo si wa kuombewa chumbani na kuachwa. Apelekwe hospitali sasa hivi, maombi yafanyike njiani.

Hapo nagusa jambo linalonikera, na nitalisema kama mtumishi mwenzao wale wanaolifanya. Wapo wahubiri wanaopita vyuoni miezi hii wakiwaambia vijana kwamba ugonjwa wa wakati wa mtihani ni roho ya kuzuia, kwamba mwenye imani ataingia ukumbini na atapona akiwa ameshika kalamu, kwamba kuahirisha ni kumpa adui nafasi. Nimeona kalamu zinaombewa na mafuta yanauzwa. Ndugu zangu, Danieli alikuwa na imani kuliko sisi sote, na kitabu chake, mwisho wa sura ya nane, kinasema wazi kwamba alizimia akaugua siku kadhaa, kisha akaondoka akaendelea na kazi ya mfalme. Aliugua kwanza. Kazi ya mfalme wa Babeli ilingoja. Hakuna aliyemwambia Danieli kwamba kitanda chake ni dalili ya kukosa imani, na sisi hatuna ruhusa ya kumwambia hivyo binti mwenye selimundu au kijana mwenye taifodi. Mungu aliyeweka mwezi wa pili kwenye kalenda yake hadharauliwi na mtu anayeutumia.

Sasa wazazi, nanyi nawageukia, maana najua barua hii inasomwa na nyumbani pia.

Waraka kwa Wafilipi una mtu mmoja tunayempita haraka. Anaitwa Epafrodito. Kanisa la Filipi lilimtuma apeleke msaada kwa Paulo aliyekuwa kifungoni, akae naye na kumhudumia kwa niaba yao. Ni kusema, walimchangia na kumsafirisha, kama ukoo unavyomchangia kijana wake anayekwenda chuo. Akafika, akaugua, akakaribia kufa. Huenda ile huduma aliyotumwa hakuifanya kama ilivyotarajiwa; pengine mgonjwa alikuwa yeye na mhudumu akawa Paulo. Kisha Paulo anaandika jambo ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kuugua mbali na nyumbani atalielewa mara moja: Epafrodito alikuwa akihuzunika sana kwa sababu watu wa kwao walisikia kwamba ameugua. Kifo kilikuwa mlangoni, na kilichomsumbua zaidi ni habari zilizofika nyumbani.

Watoto wenu wako hivyo. Wanajua ng'ombe aliyeuzwa. Wanajua mama alikopa VICOBA, wanajua mjomba aliyesema mbele ya watu kwamba huyu ndiye tegemeo letu. Kwa hiyo kijana analala na homa, simu inaita, anajikohoza kwanza ili sauti iwe nzuri, anasema, “Shikamoo mama, mimi mzima, niko nasoma.” Mama anakata simu ameridhika. Ninawaambieni kwa upendo: swali lenu la kwanza wakati huo lina uzito kuliko mnavyodhani. Mzazi akisikia mtoto anaumwa akauliza, “Sasa mtihani itakuwaje?”, mtoto amekwisha kujifunza kipi kinahofiwa zaidi, na mara nyingine hatasema tena.

Paulo alifanya nini? Alimrudisha Epafrodito nyumbani na barua mkononi. Ndani ya barua alieleza kwamba mtu huyu aliumwa kweli, nusura afe, na kwamba Mungu alimhurumia yeye na kumhurumia Paulo pia, asipatwe na huzuni juu ya huzuni. Akamwita ndugu, mtenda kazi pamoja naye, askari pamoja naye. Akawaagiza wampokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Hakuna mahali katika barua ile palipoandikwa kwamba safari iliharibika, au kwamba fedha za kanisa zilipotea. Paulo alijua watu wataanza kunong'ona, akatangulia kuziba minong'ono kwa jina lake mwenyewe. Mzazi akiwaambia majirani, “Mwanangu aliugua, Mungu amenirudishia, mtihani atafanya Septemba,” amempa mtoto wake barua kama ile, hata kama hakuandika neno kwenye karatasi.

Hali ikiwa nzito zaidi, kwamba mtoto anatakiwa kuahirisha mwaka mzima, msipoteze siku mkilia. Barua ya kuahirisha masomo iandikwe, nakala itunzwe, na kama ana mkopo, Bodi ya Mikopo ipewe taarifa kupitia chuo, kwa maana fedha za kujikimu husimama mwanafunzi anapokuwa nje na zinatakiwa kuamshwa atakaporudi. Bima ya afya nayo iangaliwe isije ikakatika katikati ya matibabu. Nimeona vijana waliopona mwili lakini hawakurudi chuoni kwa sababu karatasi moja haikufikishwa.

Turudi kwa Musa, kwa sababu walimu na viongozi wa vyuo ni washarika wetu pia, na wengine huketi viti vya mbele.

Mstari wa kumi na tatu wa sura ile ni mkali, na singependa kuuruka. Mtu aliye safi, asiye safarini, akiacha tu kuila Pasaka kwa wakati wake, huyo akatiliwe mbali na watu wake. Mungu aliyeweka tarehe ya pili hakuwa akiwafungulia mlango wavivu. Najua mhadhiri anayesoma haya anawakumbuka waliomletea vyeti vya kununua, muhuri wa zahanati isiyokuwepo, daktari ambaye hakuna anayemfahamu. Kijana uliyefanya hivyo, sikia: hukumwibia mwalimu. Ulimwibia yule atakayekuja baada yako akiwa mgonjwa kweli, kwa sababu sasa ataangaliwa kwa jicho ulilolitengeneza wewe. Tubu, na kama bado unayo karatasi ya namna hiyo kwenye begi, ichane leo.

Lakini mwalimu, tazama mpangilio wa sura yenyewe. Watu walipofika, Musa aliwasikiliza kwanza. Onyo juu ya mzembe lilitoka kwa Bwana, tena baada ya nafasi ya mwenye shida kukwisha kuwekwa. Musa hakuanza kwa kuwashuku kwamba labda hakuna maiti iliyoguswa. Alisema ngojeni, nisikie. Ofisi nyingi zimegeuza mpangilio huo. Mwenye homa anasimamishwa korido, anaambiwa arudi kesho, karani hayupo, fomu zimekwisha, nenda ndaki, ndaki inamrudisha idara. Mtu mwenye afya njema anachoka kwa mzunguko huo, sembuse aliyetoka wodini. Kama una mamlaka ya kusaini, nakuomba juma hili usaini ukiwa umesimama palepale ulipokutana naye.

Ipo pia shida isiyoonekana kwenye kipimo cha damu. Sonona, hofu inayomfunga mtu pumzi mlangoni mwa ukumbi, usingizi uliokataa kwa majuma. Huu ni ugonjwa kama mwingine, una madaktari wake na dawa zake, na anayeumwa hivyo ana haki ileile ya kuomba mwezi wa pili. Usimwambie ajikaze. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, kaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Na ukimsikia anasema amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kwa dakika za kwenda kununua vocha.

Nimalizie kwa ombi kwa washarika wote wanaoishi karibu na vyuo, kwa sababu Pasaka ya mwezi wa pili ilikuwa na ugumu wake: kambi nzima ilikwisha kula, sherehe imepita, na wachache walipaswa kuiandaa tena wakiwa peke yao. Ndivyo inavyokuwa Septemba. Wenzao wako likizo, mabweni mengi yamefungwa au yanatoza malipo ya pembeni, migahawa ya chuo imepunguza kupika, bumu hakuna. Mwanafunzi aliyeahirishiwa anatoka kwao na nauli ya kwenda tu. Anatafuta pa kulala mjini huku akitafuta madesa ya masomo ambayo wenzake wameshayasahau. Wapo wanaougua na kupona, wakashindwa kwa kukosa kitanda.

Familia yenye chumba, au hata godoro na kona tulivu sebuleni, iwaone wazee wa kanisa baada ya ibada ya kwanza Jumapili hii, ili tuwe na orodha kabla Agosti haijaisha. Anahitaji pa kulala, meza, taa ya kusomea na chakula cha jioni kwa majuma mawili hivi. Wanafunzi mliobaki mjini, mtu wa somo lako akirudi, kaeni naye jioni mumpitishe kwenye pindi alizokosa. Na atakayepokea mgeni mwenye selimundu, amwekee blanketi la ziada na chupa kubwa ya maji kitandani, amwulize mapema kliniki yake iko wapi, na namba ya dereva wa bajaji wa jirani aiandike mahali inapoonekana.